Hesabu ya Mwaka Mbaya: Mjadala Kuhusu Ushauri wa Nafaka katika Nchi Kame

Ushauri wa kilimo cha nafaka katika nchi kame hutegemea swali ambalo mara nyingi huamuliwa kimyakimya kabla mtaalamu hajafungua kinywa, nalo ni swali la mwaka upi utumike kuwa kipimo cha zao linalopendekezwa. Nchi kame kwa maana ya makala haya ni ile ambayo wanajiografia huiita ya nusu ukame, yaani eneo ambalo maji yanayoweza kukaushwa na jua na upepo kwa mwaka huzidi mvua ya mwaka huo kwa mara mbili hadi tano, na ambalo kwa sababu hiyo mmea huishi kwa kutegemea unyevu mdogo uliohifadhiwa ardhini. Dodoma ni mfano unaojulikana: mvua yake ya wastani ni kati ya milimita 550 na 600 kwa mwaka, hunyesha katika msimu mmoja unaoanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili, na mara nyingi hukatika katikati ya msimu, hasa Februari, wakati ambapo mimea iliyopandwa mapema inahitaji maji kuliko wakati mwingine wowote. Mtu anayesoma wastani huo peke yake atadhani kwamba mahindi, ambayo huhitaji takriban milimita 500 hadi 800 zilizogawanyika vizuri katika msimu, yana nafasi njema Dodoma; ugumu wote umo katika huo mgawanyiko, ambao wastani hausemi lolote juu yake.

Mjadala huu wa mashamba ya Ugogo, yaani nchi ya Dodoma, umewekwa Mount Dennis, mtaa wa magharibi mwa Toronto penye makutano ya Weston Road na Eglinton Avenue, uliojulikana kwa miaka mingi kwa kiwanda cha filamu cha Kodak hadi kilipofungwa 2005, na mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba miongoni mwa wahamiaji wa pande nyingi za dunia wanaoishi sehemu hizo za jiji wamo watu wa Afrika ya Mashariki, na fedha inayotoka katika mishahara ya watu wa namna hiyo huingia mashambani nyumbani ikiwa mbegu, mbolea na vibarua vya palizi, hivyo kwamba ushauri wa bwana shamba hulipiwa mara nyingi na mtu ambaye hakuwepo ulipotolewa. Ya pili ni mto Humber, unaopita pembeni mwa mtaa huo. Usiku wa tarehe 15 Oktoba 1954, Kimbunga Hazel kiliufurisha mto huo hata nyumba za barabara ya Raymore Drive, mwendo mfupi kutoka Mount Dennis kuelekea juu ya mto, zikasombwa pamoja na watu 35, katika jumla ya watu 81 waliokufa nchini Kanada kwa sababu ya dhoruba hiyo. Baada ya msiba ule, mipaka ya eneo la mafuriko katika mabonde ya Toronto haikuchorwa tena kwa kutazama mto wa kawaida. Ilichorwa kwa kukisia maji ambayo yangeletwa na mvua kama ile ya Hazel, milimita 285 kwa saa 48, ingawa mvua ya namna hiyo mtu anaweza kuishi maisha yake yote asiione. Bonde la Eglinton Flats, chini kidogo ya makutano yaliyotajwa, hadi leo ni viwanja vya michezo na madimbwi. Mkazi wa Mount Dennis, kwa hiyo, anaishi kando ya mto ambao sheria yake imepimwa kwa siku mbaya, huku akituma fedha katika shamba ambalo ushauri wake umepimwa kwa mwaka wa kawaida, na tofauti hiyo ndiyo iliyouzaa mjadala huu.

Sauti zinazojadiliana ni nne na zimetungwa ili zibebe hoja, kwa hiyo hazina majina. Mtaalamu ni mwanasayansi wa mimea na udongo anayewashauri wakulima wa nafaka, yaani yule ambaye vijijini angali akiitwa bwana shamba, ingawa serikali humwita afisa ugani. Mama Mkulima analima ekari chache katika kijiji cha Dodoma. Mwalimu ni msomi wa historia ya kilimo. Mtuma Fedha ni mkazi wa Mount Dennis ambaye kila msimu hupokea simu kutoka nyumbani.

MTAALAMU. Hoja ya kuyaacha mahindi katika nchi kame inasahau kwamba mahindi ya leo si yale yaliyolimwa na mababu. Kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na Machakos nchini Kenya, kilitoa katika miaka ya 1960 mahindi ya muda mfupi yaliyokusudiwa Ukambani, na msingi wa kazi hiyo ulikuwa kuukwepa ukame, maana yake mmea ukomae kabla unyevu haujaisha ardhini. Kuanzia 2007, taasisi mbili za kimataifa, CIMMYT inayoshughulikia mahindi na ngano, na IITA inayoshughulikia kilimo cha nchi za joto, zilishirikiana na vituo vya utafiti vya nchi kadhaa za Afrika kuzalisha mahindi yanayouvumilia ukame, jambo ambalo ni tofauti na kuukwepa, kwa kuwa mmea unaovumilia huendelea kujaza punje hata maji yanapopungua. Mkulima akiongeza mbolea kidogo kwa kila shimo, kiasi cha kifuniko cha chupa ya soda, kama ICRISAT, taasisi ya utafiti wa mazao ya nchi kame, ilivyojaribu katika mashamba ya uwele kule Niger, mizizi hushuka upesi na maji machache hutumika vyema zaidi. Tena mahindi yana mnunuzi katika kila mnada, yana mashine ya kuyasaga karibu na nyumbani, na watoto huyala bila kubembelezwa. Mshauri anayempelekea mkulima zao ambalo nyumba yake haitaki kulila amempa amri, na historia ya kilimo Tanzania ina amri za kutosha.

MAMA MKULIMA. Bwana Shamba, maneno juu ya mbegu hayapingwi, lakini mahindi yana siku zake za hatari, na siku hizo hazikwepeki zote. Hindi hutoa mbelewele juu na ndevu ubavuni, na unga wa mbelewele usipozikuta ndevu zingali mbichi gunzi hubaki na mapengo au bila punje kabisa. Jua la wiki mbili katika siku hizo hufuta kazi ya miezi mitatu, hata kama mvua itarudi kesho yake na kunyesha hadi Aprili. Mtama hauko hivyo. Jani lake lina nta inayopunguza upotevu wa maji, mizizi yake huenda chini, na jua likizidi mmea wote husimama kukua, ukakunja majani na kusubiri, kisha mvua ikirudi ukaendelea pale ulipoachia. Uwele huvumilia zaidi ya hapo. Chukuliwe mfano wa tarakimu za kubuni, ili hesabu ionekane. Shamba moja likilimwa mahindi kwa miaka mitano litoe magunia 8, 7, 8, 1 na 1, na likilimwa mtama litoe 5, 5, 4, 3 na 3. Wastani wa mahindi ni magunia 5 kwa mwaka na wa mtama ni 4, na Bwana Shamba ataandika katika ripoti yake kwamba mahindi yameshinda. Nyumba inayohitaji magunia 3 ili isilale njaa itasema vingine, kwa sababu kwa mahindi imelala njaa miaka miwili, na kwa mtama haikulala njaa hata mwaka mmoja.

MTAALAMU. Katika hesabu hiyo, Mama, ghala limesahauliwa. Miaka mitatu mizuri ya mahindi imetoa magunia 23, nyumba imekula 9, yamebaki 14, na upungufu wa miaka miwili mibaya ni magunia 4 tu. Anayeweka akiba hali njaa na bado ana magunia 10 ya kuuza. Zaidi ya hayo, mtama katika mfano huo umepewa shamba lisilo na adui. Kweleakwelea, ndege wadogo wanaoruka kwa makundi kama wingu, hula kila mmoja takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, hivyo kundi la ndege milioni mbili huweza kumaliza tani 20 kati ya mapambazuko na machweo, na hawahangaiki na hindi lililofunikwa na maganda yake wakati mashuke ya mtama na uwele yako wazi. Mtama ukiiva ni lazima mtu akae kwenye dungu akiamia ndege tangu alfajiri, na mtu huyo kwa kawaida ni mtoto aliyepaswa kuwa darasani. Kiduha nacho, gugu lenye maua ya kupendeza linaloshikamana na mizizi ya nafaka na kunyonya chakula chake, huudhoofisha mtama sawasawa na linavyoyadhoofisha mahindi, isipokuwa pale zinapopandwa mbegu zilizochaguliwa kwa ukinzani, kama vile Hakika na Wahi.

MAMA MKULIMA. Ghala hilo, Bwana Shamba, limeanza likiwa limejaa kwa sababu miaka mizuri imetangulizwa. Ingetangulia miwili mibaya, magunia hayo 14 yangekuta mbuzi wameuzwa, jembe la ng'ombe limeuzwa, na huenda vijana wameondoka kwenda mjini. Hakuna anayempa mkulima mpangilio wa miaka kabla hajapanda. Na ghala la mahindi lina dumuzi, mdudu aliyeingia Tanzania kupitia Tabora na kutambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambaye wenyeji walimpa jina la Scania kwa kudhani kwamba alifika na malori, na ambaye huweza kuyageuza mahindi ya kihenge kuwa unga kabla ya msimu mwingine. Ulezi na uwele, kwa udogo wa punje zake, hukaa muda mrefu bila mashaka makubwa. Kuhusu ndege, hapo Bwana Shamba amesema haki tupu. Anayekaa kwenye dungu anajua ni kazi gani.

Kwa hatua hii inafaa kusema wazi kwamba Mtaalamu hajashindwa. Hoja ya ndege ni nzito kuliko washabiki wengi wa mtama wanavyokubali, kwa kuwa zao linalohitaji mtoto mmoja kukosa masomo kwa wiki kadhaa lina gharama ambayo haiandikwi kwenye mizani ya magunia, na mkulima mmoja akipanda mtama peke yake kati ya majirani wa mahindi huwa amewaandalia karamu ndege wote wa kata. Mifuko isiyopitisha hewa, ambayo humuua dumuzi kwa kumnyima pumzi, nayo imepunguza nguvu ya hoja ya ghala. Lakini jibu la Mama juu ya mpangilio wa miaka halijajibiwa na haliwezi kujibiwa kwa mbegu bora, kwa sababu ni hoja ya hesabu: wastani huchukulia kwamba nyumba itakuwepo mwaka wa tano kupokea kilichobaki, ilhali nyumba maskini huweza kuvunjika katika mwaka wa kwanza. Benki huliita jambo hili hatari ya kufilisika, na hakuna anayeishangaa benki inapokataa mkopo wenye faida kubwa ya wastani lakini wenye uwezekano wa kuiangusha.

MWALIMU. Kanada yenyewe, ambako sauti hizi zimekutania, ililipa gharama kubwa kujifunza hesabu hiyo. John Palliser, aliyeongoza msafara wa uchunguzi katika nyika za magharibi kati ya 1857 na 1860, aliripoti kwamba sehemu kubwa ya kusini mwa nchi ambazo leo ni Alberta na Saskatchewan ni kame mno kwa kilimo, na eneo hilo hadi sasa huitwa Pembetatu ya Palliser. Baada yake akaja John Macoun, mtaalamu wa mimea, aliyepita huko katika miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880, miaka ambayo mvua ilikuwa njema, naye akatangaza kwamba nchi hiyo inafaa ngano. Watu wote wawili walisema kweli juu ya walichokiona. Macoun alichokosea ni kuyachukua macho yake ya miaka michache kuwa tabia ya nchi. Walowezi wakamiminika kwa ushahidi wake, na katika miaka ya 1930 ukame ukaja, udongo ukapeperuka, familia kwa maelfu zikaacha mashamba, hata serikali ya Kanada ikaunda mwaka 1935 idara maalumu ya kuyaokoa mashamba ya nyika.

MTAALAMU. Mwalimu asiishie hapo, kwa sababu kilichowaokoa ni utafiti. Angus Mackay, mkulima wa Indian Head katika Saskatchewan ya leo, farasi wake walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi wakati wa uasi wa 1885 uliozuka nyikani huko, akashindwa kupanda sehemu ya shamba, akailima tu na kuiacha wazi. Mwaka uliofuata wa 1886 ulikuwa wa ukame, na sehemu ile iliyopumzishwa ikatoa ngano huku za majirani zikinyauka. Serikali ilimweka aongoze shamba la majaribio, na kupumzisha ardhi, yaani kuiacha msimu mzima bila mmea huku ikipaliliwa ili iweke akiba ya maji, kukawa ushauri rasmi wa nyika zote.

MWALIMU. Na ushauri huo rasmi, kwa kuacha udongo mtupu ukilimwalimwa msimu mzima, ndio uliouandaa udongo wa nyika kupeperushwa na upepo wa miaka ya 1930. Ilimlazimu mkulima wa Alberta, Charles Noble, kubuni jembe lenye ubapa unaokata mizizi ya magugu chini ya ardhi bila kuyageuza mabua juu yake, na ikachukua nusu karne nyingine mpaka kilimo cha kupanda bila kulima, ambacho huacha masazo ya mavuno yakiufunika udongo, kienee na kuiondoa desturi ya kupumzisha sehemu nyingi. Sayansi ilijirekebisha, hilo halibishaniwi. Swali ni nani alikuwa akilipa wakati inajirekebisha.

MTAALAMU. Wakulima wa Kanada walilipa, na wamesaidiwa. Sheria ya kuwasaidia wakulima wa nyika walioharibikiwa na mavuno ilipitishwa 1939, na ya bima ya mazao ikafuata 1959.

MWALIMU. Ndiyo, na hapo ndipo simulizi ya Hanang inapoingia, maana ushauri ulisafiri na bima ikabaki. Kuanzia miaka ya 1970 Kanada iliisaidia Tanzania kuanzisha mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, wilayani Hanang, chini ya shirika la umma la NAFCO. Mashamba yalikuwa saba, yenye jumla ya takriban ekari 100,000, yakilimwa kwa matrekta na kuvunwa kwa mashine kama zile za nyikani Kanada, kwa ushauri wa wataalamu waliotoka huko na kwa utafiti uliofanywa Selian, Arusha. Kwa kipimo cha kitaalamu kazi ilikuwa nzuri: mbegu zilichaguliwa kwa uangalifu, Watanzania wengi walisomeshwa Kanada, na sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa nchini ilitoka hapo. Lakini nyanda hizo hazikuwa tupu. Wabarbaig, wafugaji ambao huhamisha mifugo kwa kufuata aina mbalimbali za malisho katika nyakati mbalimbali za mwaka, waliziita muhajega, malisho ya mabondeni yenye rutuba kuliko yote, na hayo ndiyo yaliyochukuliwa. Kwenye ramani ya mtaalamu wa ngano, ardhi isiyo na jembe ilionekana haina kazi. Kwa mfugaji ilikuwa nguzo moja ya mzunguko ambao ukiondolewa kipande chake bora huporomoka wote. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, wakapata ushindi katika Mahakama Kuu, na 1985 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikautengua kwa kuipa haki NAFCO. Udongo wa mashamba hayo, ukiwa mtupu wakati mvua kubwa zinapoanza, ulimomonyoka na kuchimba makorongo. Msaada wa Kanada uliisha katika miaka ya 1990, na mashamba hayakuweza kuendelea kwa namna ile ile bila huo.

MAMA MKULIMA. Kongwa nako, hapo hapo Dodoma, ulikuja mradi wa karanga wa Waingereza tangu 1947 hadi 1951, na ukatupa takriban pauni milioni 36. Mvua ya Kongwa wenyeji walikuwa wakiijua.

Hoja ya Mwalimu isichukuliwe kuwa chuki dhidi ya wataalamu wa kigeni, kwa kuwa wataalamu wazalendo wamefanya makosa ya aina hiyo hiyo kwa nia njema hiyo hiyo. Kinachofanana katika Pembetatu ya Palliser, Hanang na Kongwa ni umbali kati ya anayeshauri na anayebeba hasara: aliyekosea hakulala njaa, na aliyelala njaa hakuwa na sauti wakati ushauri unaandikwa. Mkulima wa Saskatchewan leo anapoambiwa apande dengu au haradali badala ya ngano, na mwaka ukaharibika, ipo bima ya serikali nyuma yake. Mkulima wa Dodoma anapoambiwa apande mahindi ya mbegu chotara, ambayo hayafai kuhifadhiwa kwa ajili ya kupandwa tena na kwa hiyo hununuliwa upya kila msimu, nyuma yake yupo nani?

MTUMA FEDHA. Nyuma yake yupo mpangaji wa Mount Dennis anayefanya kazi ya zamu. Simu ya kwanza huja Oktoba kuomba fedha ya mbegu na mbolea, nayo husindikizwa na maneno ya bwana shamba kwamba mwaka huu mbegu mpya haishindwi. Mwaka ukienda vibaya, simu ya pili huja Machi au Aprili kuomba unga. Fedha zote mbili hutoka katika mfuko mmoja, lakini hakuna anayeziweka katika hesabu moja. Ya kwanza huitwa mtaji wa kilimo na ya pili huitwa msaada wa familia, kana kwamba hazihusiani. Kama zingejumlishwa, huenda mahindi yale yangeonekana kuwa zao ghali kuliko yote yaliyowahi kulimwa Ugogo. Basi kwa nini isinunuliwe bima ya kweli? Nchini Kenya, kuanzia 2009, wakulima wameweza kununua bima inayolipa kwa kutazama kipimo cha mvua, bila mkaguzi kufika shambani, na malipo yakatumwa kwa simu.

MTAALAMU. Bima ya namna hiyo ni jambo jema na inastahili kuenea, ila ina udhaifu ambao lazima uelezwe kwa mnunuzi. Hulipa kwa kufuata mvua iliyopimwa kituoni au iliyokadiriwa na satelaiti, ilhali katika nchi kame wingu moja huweza kulowesha kijiji kimoja na kukiacha cha jirani kikiwa kikavu. Mkulima aliyekosa mvua huweza kuambiwa kwamba kipimo kinaonyesha ilinyesha, akakosa mavuno na akakosa malipo. Ndiyo maana bima haiwezi kuchukua nafasi ya kuchagua zao linalofaa.

MTUMA FEDHA. Basi fedha yote iende kwenye mtama, na mtama uuzwe viwandani.

MAMA MKULIMA. Mwanangu, taratibu. Katika wilaya kame za mashariki ya Kenya, wakulima walihimizwa kulima mtama wa Gadam, wa muda mfupi, kwa ajili ya kiwanda cha bia kilichoutumia kutengeneza kinywaji cha bei nafuu kilichosamehewa ushuru. Mwaka 2013 serikali ilikipunguzia msamaha huo hadi asilimia 50, bei ya kinywaji ikapanda, mauzo yakaanguka, na mnunuzi wa mtama akapungukiwa na haja ya mtama. Afueni ilirudi 2015. Mvua haikuhusika hata kidogo. Mtama ulistahimili jua na haukustahimili bajeti. Mtama wa kula nyumbani na mtama wa kuuza ni mazao mawili, hata kama mbegu ni moja.

Maneno hayo ya Mama yana uzito wa pekee, kwa kuwa yanatoka kwa anayetetea mtama na yanaukosoa. Yanaonyesha kwamba mwaka mbaya hauletwi na mawingu tu. Huletwa pia na ushuru, na barabara iliyokatika, na mnunuzi mmoja aliyebadili nia, na mshauri wa nafaka ambaye ujuzi wake unaishia kwenye jani na udongo amepima nusu tu ya hatari. Hakuna haja ya kumdai awe mtabiri wa bajeti. Anachoweza kudaiwa ni kwamba kila pendekezo lake liwe na sentensi moja inayosema zao hilo lilitoa nini katika mwaka mbaya zaidi unaokumbukwa mahali hapo, na nyingine inayosema nani atakayebeba hasara mwaka huo ukirudi. Mamlaka za Toronto huulizwa swali la namna hiyo kabla nyumba haijajengwa bondeni, na hakuna sababu ya kibinadamu inayofanya nyumba ya Humber istahili uangalifu huo na shamba la Ugogo lisistahili.

MTAALAMU. Sharti hilo linakubalika, pamoja na onyo moja. Mkulima akipimiwa kila kitu kwa mwaka mbaya pekee hatatoka kamwe katika magunia matatu. Mtama unaomlinda asife huweza pia kumzuia asisomeshe. Ushauri mzuri utamwambia agawe shamba: sehemu itakayolisha nyumba hata mvua ikikatika ipandwe mtama au uwele, ikiwezekana mbegu kama Macia ambayo mkulima huweza kujihifadhia mwenyewe, na sehemu inayobaki ijaribiwe mahindi ya kuuza. Na kabla ya mbegu yoyote, ardhi iandaliwe ishike maji.

MAMA MKULIMA. Hapo, Bwana Shamba, hakuna ubishi. Kijijini Chololo, Dodoma, mkulima alibuni mashimo madogo, ya kina cha kama sentimita 30, yaliyopangwa kwa mistari na kuwekwa samadi, ambayo hukusanya maji ya mvua za kwanza badala ya kuyaacha yatiririke na kuondoka na udongo. Yanafaa kwa mtama na yanafaa kwa mahindi. Kikwazo ni jasho: ekari moja ina maelfu ya mashimo, na ardhi ya Septemba ni ngumu kama tofali.

MTUMA FEDHA. Kibarua cha kuchimba mashimo ni jambo ambalo fedha ya Mount Dennis inaweza kulilipa.

Hapa sauti nne zimekaribiana kuliko zilivyoanza, na ni haki kusema zimekaribiana juu ya jambo lenye thamani. Shimo lililochimbwa na kupewa samadi hubaki na kazi kwa zaidi ya msimu mmoja, halidai kununuliwa upya kila Oktoba, halipotezi maana serikali ikibadili ushuru, na katika mwaka wa mvua haba ndipo manufaa yake huonekana zaidi. Fedha iliyotumika hivyo huupunguza ukubwa wa simu ya Aprili, na kwa kipimo hicho imefanya kazi ya bima kuliko mfuko wa mbegu unaotegemea Februari kuwa na huruma. Mtaalamu anayewaelekeza wakulima kwenye kazi hiyo kwanza, kisha akazungumzia mbegu, amewashauri vizuri hata kama jina lake halitaandikwa kwenye ripoti ya mavuno bora.

Mvua za Dodoma huanza Novemba au Desemba, na mashimo huchimbwa wakati ardhi ingali kavu. Msomaji wa Mount Dennis anayekusudia kutuma fedha ya shamba mwaka huu aitume mwezi Agosti au Septemba, asingoje simu ya Oktoba. Na kabla ya kuituma awapigie wazee nyumbani, awaulize shamba hilo hilo lilitoa magunia mangapi katika mwaka mbaya kuliko yote wanayoikumbuka, na lilikuwa limepandwa nini.